Mwalimu, Nisome Nini?



Mwezi uliopita alinijia mwalimu kijana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Alipokwisha kuniamkia alikaa barazani, akakichungulia chumba changu mlangoni, mle ambamo vitabu vimejaa hata juu ya kitanda. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, mimi nina mke na watoto wawili, na mshahara wangu waujua. Siwezi kununua vitabu vyote hivi, wala sina nafasi ya kuvisoma. Nichagulie vichache. Nisome nini? Na jioni, watoto wakitaka sinema, nitazame nao nini?"

Nikamjibu, "Mwanangu, swali lako ni fupi, lakini jibu lake ni refu. Nipe siku chache." Basi haya ndiyo niliyomwandikia, nami nimeona si vema ayapate yeye peke yake, maana najua katika nyumba zenu wako wengi waulizao vivyo hivyo. Walakini nataka mjue mapema ya kuwa sitasifu kitabu kwa sababu kinasifiwa na wenye elimu. Nitavitaja vile vilivyonifanyia kazi maishani mwangu, na vingine vilinifanyia kazi kwa kunitia aibu.

Nianze na aibu ya kwanza. Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mgeni, tena mkali, kama walivyo aghalabu wale wasiojiamini. Siku moja nilimkamata mvulana wa darasa la saba akisoma kitabu chini ya dawati wakati wa hesabu. Nikamnyang'anya, nikamchapa viboko vitatu, nikawaambia wenzake kwamba hadithi za upuuzi ndizo zipotezazo watoto. Kitabu chenyewe kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960. Jioni nikakifungua ili niuone huo upuuzi. Mafuta ya taa yakaniishia, nikaendelea kwa mshumaa. Nikamwona Bwana Msa, mvuta kiko, mtu asiye na haraka ya kusema. Yeye hutazama, huuliza, hupima. Na jambo ambalo watu wote wamewatwika mizimu, yeye hulitafutia sababu yake.

Kulipokucha nikatambua ya kuwa kitabu kile kilimfundisha yule mtoto hesabu kuliko nilivyomfundisha mimi, maana kilimwambia kwamba mtu asikate shauri kabla hajaona. Na mimi nilikwisha kukata shauri kabla sijaona. Asubuhi nikamwita mbele ya wenzake, nikamrudishia kitabu chake, nikamwomba radhi. Darasa zima lilinyamaza, kwa kuwa hawakupata kumwona mwalimu akiomba radhi. Tangu siku ile sikumpiga tena mtoto kwa kosa la kusoma. Basi hicho ndicho kitabu cha kwanza. Mpe kijana asiyependa kusoma, nawe utashangaa.

Kitabu cha pili ni kinene, na wengi hukiogopa kwa unene wake. Nacho ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe. Alikiandika kwa lugha ya kwao, Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, asipate mtu wa kukipiga chapa. Mwisho akakifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye ni mzee sana. Mwaka uliofuata akafa. Hesabuni wenyewe: miaka 35 kazi ya mikono yake ikingoja. Mwalimu anayekata tamaa kwa sababu barua yake haikujibiwa mwezi huu, na amkumbuke mzee huyu.

Lakini mimi sikukipenda kwa ajili ya subira hiyo. Mimi na mke wangu tulioana mwaka 1978. Miaka ikapita, mtoto asije. Wake za walimu wenzangu waliitwa Mama Fulani, Mama Fulani, kwa majina ya watoto wao. Mke wangu aliitwa kwa jina lile alilozaliwa nalo, na kila alipoitwa nilimwona akiinamisha macho. Mwaka 1986 wakaja wajomba zangu na shangazi zangu, wakakaa kwetu siku mbili. Usiku wa pili wakaniambia ya kuwa nyumba isiyo na mtoto si nyumba, na kwamba yafaa nimrudishe mwanamke kwao. Nami sikukataa. Hiyo ndiyo aibu yangu ya pili. Nilisema tu, "Nitafikiri." Naye alikuwa jikoni, akayasikia yote.

Siku zile nilikuwa nimeazima kitabu hicho kwa mwalimu mwenzangu. Nikasoma jinsi Bibi Bugonoka alivyokosa mtoto, jinsi ndugu za mumewe walivyomsimanga, hata wazazi wake wakaja kumchukua. Na Bwana Myombekere akafanya nini? Hakutafuta mke mwingine. Alifunga safari kumfuata wake, akanyenyekea mbele ya wakwe zake, akakubali kutengeneza pombe ya ndizi waliyomtoza, akahangaika huku na huku mpaka akarudishiwa mkewe. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu. Myombekere huyo ni mtu wa zamani, asiyekalia dawati hata siku moja. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nilishindwa kusema neno moja la kumtetea mke wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Usiku ule nikamwambia mke wangu, "Keti, nikusomee." Nikamsomea habari za Myombekere ukweni. Akacheka sana kwa yale mashaka ya mkwe, kisha akalia, nami sikumwuliza analilia nini. Jumamosi nikaenda kwa mjomba wangu mkubwa, mwendo wa saa nne kwa baiskeli. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia, "Mjomba, nimekwisha kufikiri. Mke wangu haendi popote." Alinikasirikia miaka miwili, baadaye akaja mwenyewe kula kwetu.

Msidhani nasema kwamba kitabu huleta mtoto. Katika hadithi ile mtoto alipatikana. Kwetu hakupatikana hata leo. Ila mwaka 1989 dada yake mke wangu alifariki akaacha mtoto mwanamume wa miaka miwili, tukamchukua. Ndipo majirani wakaanza kumwita mke wangu Mama, kwa jina la mtoto yule. Mara ya kwanza alipoitwa hakuitika, kwa kuwa hakujua ni yeye aitwaye.

Mkitaka habari nyingine ya mtu aliyekataliwa na ndugu zake, someni Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa na misheni huko Magila, kwa sehemu tatu, zamani za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Humo mtaonana na Mbega, aliyehesabiwa kuwa kigego kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Akafukuzwa kwao, akawa mwindaji wa nguruwe porini, akiwagawia watu nyama bila choyo. Na mwisho Wasambaa wakamtawaza huko Vuga. Kiswahili chake ni cha kale, chataka kusomwa polepole. Lakini watoto wakisomewa kwa sauti hukifuata vizuri, hasa penye mbwa na simba.

Sasa nije kwenye sinema. Ziko nyumba ambazo hukataza sinema zote, na ziko nyumba ambazo huacha televisheni iwalee watoto. Mimi naona njia zote mbili ni za uvivu. Yampasa mzazi atazame kwanza peke yake, kisha akae na watoto, kisha waongee.

Ya kwanza ninayoitaja ni ya Italia, aliyoitengeneza Vittorio De Sica mwaka 1948, habari ya baiskeli iliyoibwa. Mtu mmoja wa Roma, jina lake Antonio Ricci, amekaa siku nyingi bila kazi. Apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini kazi yataka baiskeli, na yake imewekwa rehani. Mkewe atoa mashuka ya kitandani, nayo yawekwa rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ile ile ya kwanza ya kazi, yaibwa. Basi baba na mwanawe mdogo, Bruno, huzunguka mji mzima wakiitafuta. Mwisho baba ashindwa na shida, naye ajaribu kuiba baiskeli ya mtu. Akamatwa, apigwa makofi na kutukanwa, mtoto akiona. Yule aliyecheza baba hakuwa mchezaji wa sinema, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na uso wake wasema hivyo.

Niliitazama mwaka 2001 kwa mkanda wa video, pamoja na yule kijana wetu, ambaye alikuwa na miaka 14. Maneno yake ni ya Kitaliano, nami nilikuwa nikimfasiria yale ya Kiingereza yaliyoandikwa chini. Yafaa mjue ya kuwa juma lile lile alikuja mwenye duka kudai deni langu, nami nilijificha chumbani nikamtuma kijana, "Mwambie sipo." Akaenda, akasema. Basi tulipofika pale Bruno alipomwona baba yake ameshikwa, nikanyamaza, sikuweza kufasiri tena. Kijana akaniambia kwa upole, "Baba, endelea, wanasema nini?" Nikamwambia, "Hawasemi kitu." Na kweli, mwishoni hawasemi kitu, mtoto amshika baba yake mkono tu, wakaenda zao katika umati wa watu.

Kesho yake nikamchukua kijana, tukaenda dukani pamoja. Nikamwambia mwenye duka mbele yake, "Juzi nilikuwapo nyumbani. Nilimdanganyisha mtoto. Leo nina nusu ya deni, na iliyobaki nitalipa mwisho wa mwezi." Njiani tulipokuwa tukirudi kijana hakusema neno, lakini alilichukua kapu langu mkononi mwangu, akalibeba yeye.

Kwa walimu nina sinema mbili zaidi. Moja, iliyotoka mwaka 2010, ni habari ya Kimani Maruge wa Kenya. Serikali ya huko iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003. Na mwaka 2004 mzee huyu, mwenye miaka 84, alikwenda shule ya Kapkenduiywo, huko Eldoret, akaomba kuandikwa darasa la kwanza, akavaa sare na kaptura kama watoto. Alifariki mwaka 2009. Mwalimu anayesema, "Huyu mtoto amechelewa, hafundishiki," na aitazame.

Ya pili ni ya mwaka 2019, habari ya William Kamkwamba wa Malawi, ambayo mwenyewe aliiandika katika kitabu mwaka 2009. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002 alitoka shuleni kwa kukosa ada. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya kijiji, akakuta kitabu chenye picha za mashine zizungushwazo na upepo. Akaunda yake kwa vipande vya baiskeli na takataka za chuma, ikawasha taa nyumbani kwao. Mara nyingi nafikiri habari ya kabati lile la vitabu. Aliyekiweka kitabu kile humo hakujua anamwekea nani.

Vilivyosalia nitavitaja kwa ufupi. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni kwa kila ashikaye madaraka, ili aone jinsi Karama anavyojitetea mbele ya wakubwa wasiotaka kusikia. Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, ni kwa kijana anayemtafuta baba asiyemjua. Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ni habari ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi wake kwa sababu ya deni. Alikiandika kwa Kiingereza, na sasa twakisoma kwa Kiswahili kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Kwa watoto iko sinema ya Soul Boy, ya mwaka 2010, ya mvulana wa Kibera ahangaikaye kumponya baba yake. Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, iliyotokana na kitabu cha Adam Shafi, ni nzuri, lakini ni ya watu wazima.

Mwisho, neno la nyumbani. Msinunue vitabu kumi kwa pupa. Nunueni kimoja, mkisome kwa sauti baada ya chakula, kila mtu kurasa mbili, hata mama, hata mgeni. Wasiojua kusoma wasikilize, kisha waulizwe wao kwanza wameonaje, maana mara nyingi huona yaliyotupita sisi. Na mkimwazima mtu kitabu, andikeni jina lake daftarini. Mimi nilikuwa na Wakilindi wawili. Leo ninaye mmoja.

Yule mwalimu kijana alirudi juzi. Alikuwa amekwisha kusoma kimoja, tena si kile nilichomtajia kwanza; alianza na Myombekere. Nikamwuliza, "Kwa nini ulianza na kile kinene?" Akatazama chini, akasema, "Mwalimu, mke wangu alikuwa amekwenda kwao." Sikumwuliza zaidi. Nilipomsindikiza hata njiani, nikaona mwanamke amekaa kivulini akimngojea, na watoto wawili kando yake. Akaniamkia, nikamwitikia, wakaenda zao.