Bibi Alikwenda Safari, Simba Hakumwona

Mwanangu wa darasa la tatu aliambiwa shuleni aandike habari za ndugu aliye mbali. Akaandika, kwa Kiingereza kinachonishinda mimi mamake, kwamba bibi yake amekwenda safari Muhimbili. Mwalimu akamwekea vema, na pembeni akaandika kwa wino wa kijani: raha iliyoje, aliona wanyama gani?

Nilicheka, nikakasirika, nikampigia mama Saadani kumsomea. Mama alikuwa amekwenda kupimwa macho. Tena masika, barabara ya Makurunge na ule udongo wake mweusi mnaijua: gari linazama, abiria wanashuka, wanasukuma, wanapanda na matope yao. "Mwambie mwalimu nilimwona konda," akasema. Kisha akataka kuongea na mume wake, yaani huyo huyo mwandishi wa darasa la tatu.

Huku Uingereza safari haina konda. Kuna bustani za safari, ya kwanza ilifunguliwa Longleat mwaka 1966, na nyingine zikafuata. Wanangu walinililia mpaka nikawapeleka kwenye mojawapo. Tiketi unakata kwenye intaneti wiki kabla. Unaingia na gari lako mwenyewe, vioo juu, nyuma ya gari la mwenzio, mbele ya gari la mwenzio, kama foleni ya Ubungo lakini yenye adabu. Manyunyu yanadondoka. Simba wamejilaza juu ya jukwaa la mbao, manyoya yamelowa, hawana habari na mtu. Nyani ndio waliotuchangamkia: mmoja alikaa kwenye boneti, akaung'ang'ania mpira wa waipa mpaka ukatoka, akaenda nao juu ya mti kuutafuna. Wanangu walishangilia. Mimi nilirudi nyumbani kwenye mvua bila waipa upande wa dereva. Mlango wa kutokea unakupitisha dukani, na hapo ndipo simba wanapopatikana kwa wingi, wa pamba.

Kwetu anayekwenda Pangani kudai deni ana safari. Anayepeleka mgonjwa ana safari. Ukisema "nina safari" hakuna anayekuuliza unakwenda kutazama nini. Unaulizwa unaondoka saa ngapi na kama kuna nafasi ya kifurushi, na kabla hujajibu shangazi ameshafunga kamba wakavu wa kumpelekea mwanawe Mbagala, nawe utanuka kamba mpaka Mbagala. Unasomewa dua, unatiliwa mkate wa kumimina kwenye mfuko. Hata mara tunazihesabu kwa safari: safari hii sikubali, safari ijayo tutaonana. Na wapo waliokwisha maliza yao, Mungu awarehemu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba neno lenyewe wamelichukulia hapo hapo kwetu. Richard Burton, anayetajwa miongoni mwa wa kwanza kuliandika katika Kiingereza, alivuka kutoka Unguja na Speke mwezi Juni 1857, wakaanzia pwani ya Kaole, jirani na Bagamoyo, kwenda kuyatafuta maziwa. Kitabu chake kikatoka 1860. Safari aliyoisikia ilikuwa ya nguo, shanga na nyaya za shaba kwenye mabega ya Wanyamwezi, homa, na wapagazi wanaotoroka usiku. Saadani nayo ilikuwa bandari ya misafara, chini ya Bwana Heri, yule aliyewasumbua Wajerumani mpaka 1890. Sisi tulilipokea neno kwa Waarabu, kwao safar ni mwendo, na mwendo tukauacha mwendo.

Halafu mwaka 1909 akashuka Mombasa Theodore Roosevelt, ametoka tu urais wa Marekani, na mwanawe na mamia ya wapagazi, wakaua wanyama zaidi ya 500. Basi safari ikawa bunduki, kofia pana na hema lenye kitanda. Baadaye bunduki ikawa kamera. Mzigo ukabaki kwetu. Kuna hata suti ya safari, ambayo sisi tuliibatiza kaunda suti; marehemu mjomba wangu alikuwa nayo ya rangi ya udongo, na mbali alikowahi kufika nayo ni Korogwe. Na tangu 2003 kivinjari cha kampuni ya Apple kinaitwa Safari. Hicho, nakiri, kimekaribia maana yetu kuliko ile bustani: unatoka kutafuta kitu kimoja, unajikuta umefika kwa watu usiowajua.

Desemba tunakwenda. Kazini nikisema nakwenda nyumbani Tanzania, swali ni lile lile: na safari je, umeshalipia? Nawaambia nyumba ya mama imezungukwa na hifadhi, Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ndovu hushuka mpaka ufukweni. Wananitazama kwa wivu. Siwaelezi habari ya kulinda shamba usiku. Mdogo wangu, ambaye hana dogo, anasema kwa pasipoti zao hizo wanangu wakipanda gari la watalii watatozwa bei ya wageni, wakapigwe picha na ngiri wale wale wanaomlia bibi yao mihogo.