Karata ya Mwisho

Mwaka 2019 nilikaa miezi mitatu kwa binti yangu mjini Houston, katika jimbo la Texas. Ulikuwa msimu wa baridi, nami sikuwa na kazi ila kusoma magazeti na kumsubiri mjukuu wangu atoke shule. Jioni moja mkwe wangu, ambaye ni mhandisi, alitoa karata na bakuli la maharagwe makavu akaniambia, "Baba, njoo nikufundishe mchezo wa watu wa huku." Mke wangu alipoona karata alikunja uso. Tulimwapia kwamba senti haitaguswa, na kwamba yatakayopotea ni maharagwe tu. Akaguna, akarudi jikoni.

Nilizoea karata za kwetu tangu ujana wangu chuo cha ualimu, lakini poka ilikuwa ngeni kwangu. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha mezani hufunuliwa karata tatu za wote, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua watu huweka maharagwe katika fungu la katikati, au hutupa karata zao na kujitoa. Hiyo karata ya tano wenyewe huiita "mto". Hapo hakuna tena la kutarajia. Karata zako ni nzuri au ni mbovu, na aliye mbele yako amesukuma maharagwe yake katikati, anakutazama. Je, anazo kweli, au anakupiga mkwara?

Wiki ya kwanza nilifanya kama mwalimu yeyote angefanya: nilisoma nyuso. Miaka zaidi ya thelathini nimewatazama watoto wakinidanganya, nikajiona bingwa. Nilimtazama mkwe wangu machoni, nikatazama vidole vyake, nikasikiliza alivyokohoa. Nililipa nilipopaswa kutupa, nikatupa nilipopaswa kulipa. Maharagwe yangu yaliisha kila jioni kabla ya taarifa ya habari.

Ndipo akanichorea hesabu kwenye karatasi. "Baba, usianze na swali la kama nasema uongo. Anza na bei." Tuseme katikati kuna maharagwe 20, naye ameweka mengine 20. Mimi nikitaka kuona karata zake natoa 20 ili nishinde 40. Basi sihitaji kuwa sahihi mara nyingi. Nikiwa sahihi mara moja katika tatu, sipati hasara. Angeweka 10 tu, ningelipa 10 ili nishinde 30, na hapo mara moja katika nne ingetosha. Kwa upande wake, anayeweka 20 kugombea 20 bila kuwa na kitu lazima nikimbie zaidi ya nusu ya mara zote ndipo apate faida. Hesabu hii ni ya darasa la sita, nami nimeifundisha kwa machungwa na mayai, lakini sikuwahi kuiona ikimhukumu mwongo.

Alinieleza jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mwanahisabati John von Neumann, aliyezaliwa Budapest, aliichunguza poka mapema karne iliyopita, na katika kitabu alichokitoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 alionyesha kwamba mkwara si utundu wa wahuni bali ni sehemu ya uchezaji bora. Na mkwara haupigwi kwa karata za wastani. Hupigwa kwa zile mbovu kabisa. Sababu ni nyepesi ukiitafakari. Karata za wastani huenda zikashinda zenyewe mkifunua kimya kimya. Ukizitishia nazo, walio chini yako watakimbia na walio juu yako watakulipa. Aliye na mkono mtupu hawezi kushinda kwa njia nyingine yoyote. Kwetu husemwa debe tupu haliachi kuvuma. Kumbe kwenye mto, debe tupu lina haki yake ya kuvuma, mradi lisivume kila siku.

Mfano maarufu ni wa mwaka 2003, jijini Las Vegas. Katika mashindano ya dunia yaliyokuwa na washiriki 839, walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu, na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Mezani zilikuwapo shupaza tatu. Farha alikuwa na jozi ya tisa, ambayo ndiyo iliyokuwa mbele. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Alikuwa akingoja shupaza moja zaidi, au karata ya kukamilisha mfululizo. Mto ukaleta tatu ya kopa. Hakupata kitu. Akasukuma vyote alivyokuwa navyo katikati. Farha aliwaza, akahisi kabisa kwamba huenda mwenzake amekosa, kisha akatupa karata zilizokuwa zikishinda. Moneymaker akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Kwa nini Farha alikimbia? Kwa sababu hadithi ya mwenzake ilikuwa na mwanzo na kati kabla ya kufika mwisho. Alikuwa ameweka dau hatua ya nyuma, kama afanyavyo mwenye shupaza. Mkwara wa karata ya mwisho ni sentensi ya mwisho ya insha. Isipoafikiana na aya zilizotangulia, hata mtoto wa darasa la nne ataikosoa. Na usimpige mkwara asiyejua kutupa. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka 11, alilipa kila kitu kwa sababu alitaka tu kuona. Kwake mikwara yangu yote ilikufa.

Naam, usiku mmoja nililala nikikumbuka shule.

Niliwahi kupiga mkwara mmoja tu mkubwa nikiwa mkuu wa shule. Gunia la sukari lilipotea ghalani. Nikasimama paredi na jalada mkononi, nikasema jina limo humu, na kwamba nitalisoma kesho asubuhi. Jalada lilikuwa na karatasi nyeupe. Kabla ya chakula cha usiku gunia lilikuwa limerudi mlangoni mwa ghala. Lilirudi kwa sababu kwa miaka minne sikuwahi kusema mbele ya wanafunzi neno nisilokuwa na ushahidi nalo. Nilitumia akiba ya ukweli, nami nilijua akiba hiyo haitoshi mara mbili.

Lakini lililoninyima usingizi si hilo. Mwaka 1986, Alhamisi moja, mvulana wa kidato cha tatu alikuja ofisini kuomba ruhusa. Alisema mama yake ni mgonjwa sana. Jumamosi hiyo palikuwa na dansi mjini, na wiki hiyo mama watatu walikuwa tayari wameshaugua. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameinamisha macho, nami nikayasoma macho yale kuwa ya mwongo. Nikamwambia alete barua kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakubisha. Alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akarudi darasani. Jumatatu mjomba wake alifika kwa basi kutuarifu kwamba mama amezikwa Jumamosi.

Kwa miaka yote nilijilaumu kwa kusoma uso vibaya. Houston ndiko nilikotambua kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kama angekuwa mwongo nami ningempa ruhusa, shule ingepoteza nini? Siku mbili za masomo ya mvulana mmoja. Hilo ndilo fungu lililokuwa katikati ya meza. Ili nilishinde, niliweka dau mtoto kumwona mama yake kwa mara ya mwisho. Anayetoa 100 ili ashinde 1 anapaswa kuwa sahihi mara 100 katika 101. Hata kama wavulana tisa katika kumi walinidanganya, na huenda walinidanganya, bado nilipaswa kutupa karata zangu na kumwacha aende. Tena dau lile halikuwa langu. Nililipa kwa mali ya mtoto.

Alimaliza kidato cha nne na kufaulu. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Alisema "Shikamoo, Mwalimu," nikamjibu, akachukua sanduku lake. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilidhani pangekuwa na siku nyingine, na haikuwapo.

Jioni yetu ya mwisho Houston, mjukuu wangu alisukuma maharagwe yake yote kwenye mto, akaketi juu ya mikono yake ili isitetemeke. Nilikuwa na jozi nzuri. Nilihesabu bei, nikaona haifai, nikatupa. Katika mchezo ule ukitupa huna haki ya kuonyeshwa. Alirudisha karata zake katikati ya nyingine, akazichanga, akacheka.

"Babu, hutaki kujua?"

Nilimwambia nataka sana. Kisha nikamwomba agawe tena.