Reli Iliyotangulia Mzigo Wake

Ukitaja reli mbele ya vijana wa Nachingwea siku hizi watakuuliza unasema ya Kati, ya TAZARA au hii mpya ya umeme. Ukiwaambia kwamba hapa hapa kwao palikuwa na stesheni, na treni ikishuka mpaka bandarini Mtwara, wanakucheka kwa adabu, kama anavyochekwa mzee aliyekula chumvi nyingi. Siwalaumu. Reli yenyewe haikufikisha hata miaka ishirini. Ilianza kazi mwaka 1949, na mapema miaka ya 1960, Uhuru ukiwa bado mchanga, ikang'olewa. Nilizaliwa kabla haijafika kwetu, na ilipoondoka nilikuwa bado navaa kaptula.

Iliyoileta ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa, akaishawishi serikali yao kwamba mapori ya Tanganyika yakilimwa kwa matrekta yatatoa karanga za kuwatosheleza. Wakachagua Kongwa, Urambo na huku kwetu. Walitaka ekari zaidi ya milioni tatu, na sehemu kubwa ilikuwa ilimwe kusini. Sasa karanga zote hizo zingepita wapi? Barabara zilikuwa za mchanga kiangazi na tope masika. Ndipo ikaamuliwa ijengwe reli, na Mtwara ichimbiwe gati la meli kubwa, wakati huo mji uliojulikana upande ule ukiwa Mikindani.

Bandari haijengwi kwa siku moja, kwa hiyo walianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, wakapandisha reli kwa bonde la Lukuledi hadi Ruo, kisha Nachingwea. Njia ya kutoka Mtwara ikaja baadaye ikaungana nayo Ruo, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Tazama hizo tarehe vizuri. Serikali ya Uingereza iliufuta mpango wa karanga Januari 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Bandari ikafunguliwa miaka mitatu baada ya shamba lake kufa! Nimewahi kusikia watu wakisema huo ulikuwa ujinga wa wakoloni. Mimi naona ni jambo la kawaida la serikali yoyote: vyuma vimeshanunuliwa, mikataba imeshatiwa saini, na hakuna anayetaka kuwa yeye wa kusema tuache.

Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni kwamba baba alikuwa mtu wa njia. Genge lao lilikuwa na nyapara na kipande chao cha reli cha kutunza, na mvua zikianza hawakulala. Maji yakipita chini ya tuta yanakomba udongo, taruma linabaki linaning'inia hewani, na ukilitazama kwa juu hulioni. Baba alikuwa akitembea juu ya mataruma akikanyaga moja moja kwa kisigino, anasikiliza. Lililo sawa hunyamaza. Lililolegea hutoa mlio wa chini, kama kifua chenye mafua. Hapo husimama, akaweka jiwe jeupe pembeni, akaendelea. Wenzake wakija nyuma na sururu walijua pa kushindilia kokoto. Nimemfuata mara nyingi nikijaribu kuusikia mlio huo. Nilianza kuusikia karibu na mwisho, wakati ambapo ujuzi huo haukuwa tena na faida kwa mtu.

Treni haikuja kila siku, na ilipokuja ilikuwa mchanganyiko: mabehewa ya mizigo na machache ya abiria nyuma. Siku hiyo mama na wanawake wenzake walikuwa wamekaanga karanga tangu alfajiri, wamezifunga kwenye vikaratasi, wakawauzia abiria madirishani. Wamwera walikuwa wakilima karanga zao bila trekta tangu hapo. Zile za mama ndizo karanga pekee nilizowahi kuona zikisafiri kwa reli ile.

Mizigo mingine ilikuwepo, isipokuwa haikutosha. Mbao, ufuta, mihogo mikavu, korosho kidogo, na kutoka pwani saruji, chumvi na vitambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaongezwa tawi la kwenda Masasi, ili lichote shehena ya huko. Lilinichota mimi. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake, aliamua niende kusoma upande huo. Baba akanipeleka stesheni, akazungumza na gadi aliyekuwa akifahamiana naye, nikakaa katikati ya magunia. Mjomba aliniambia jambo moja tu: "Mpwangu, usitoe kichwa nje." Nilikitoa mara tu treni ilipopinda.

Wenye malori wakati huo walikuwa wameshaanza kufika mlangoni kwa mkulima. Lori likija linapakia uani, linalipa palepale, linaondoka. Reli ilikutaka ubebe mzigo mpaka stesheni na usubiri. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likawa linaendesha njia isiyorudisha gharama zake, na Tanganyika iliyojitawala ikarithi hesabu hiyo pamoja na bendera. Ikafungwa.

Kuing'oa ilikuwa kazi ya watu wale wale walioitunza. Nilikuwa likizo nikaona. Walianzia mwisho wa njia wakirudi kuelekea pwani: wanafungua, wanainyanyua reli kwa wimbo, wanaipakia kwenye behewa lililosimama mbele yao, kisha kichwa kinavuta kidogo, wanafungua tena pale behewa lilipokuwa. Treni ilikuwa inakwenda zake na njia yake mgongoni. Baba hakusema neno la huzuni. Alikuwa analipwa, na kazi ya kung'oa ilikuwa na posho. Aliyelalamika ni mama, kwa sababu ya soko lake. Wazee wa genge walisema vyuma vyetu vilikwenda kutandikwa kati ya Ruvu na Mnyusi, kwenye kiungo cha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Kiungo hicho kilijengwa mwaka 1963, kwa hiyo tarehe haziwapingi.

Tuta likabaki. Kwa kuwa reli haipendi mlima, palikuwa tambarare na pakavu kuliko njia yoyote ya kijijini, watu wakahamia juu yake na baiskeli zao na mizigo ya kichwani. Nachingwea nayo ikapata wageni wengine: wapiganaji wa FRELIMO, waliofanya mafunzo kwenye lililokuwa shamba namba 17 la mpango wa karanga. Watu bado wanapaita Farm 17.

Na korosho? Mikorosho iliyokuwa michanga wakati reli inang'olewa ilikuja kuzaa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, nyingi kutoka Mtwara na Lindi, na magunia yalikuwa yakirundikana magulioni yakisubiri malori yaliyokwama kwenye tope. Baadaye zao likaanguka vibaya, likainuka tena, na msimu wa 2017/18 likapita tani 300,000. Kwenda Dar es Salaam kwa barabara kulikuwa kubahatisha, unavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu kama maji yanaruhusu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Nikiwa mtumishi wa serikali nimelala ng'ambo ya mto huo nikingoja zamu, na kila mara nilikuwa napiga hesabu ya zile reli zilizokwenda Ruvu.

Sasa linasemwa jambo la reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga. Mjukuu wangu mmoja, karani katika ghala la korosho, alinionyesha ramani yake kwenye simu. Mstari unapita Masasi, Tunduru, Songea. Nachingwea haimo, na yeye alikasirika kuliko mimi. Nikamwambia makaa ya mawe na chuma vya huko vimeshapimwa vilipo, yaani safari hii angalau mzigo ndio uliotangulia.

"Na korosho zetu, babu?"

"Zitapanda lori mpaka Masasi," nikamjibu, "na mwenye lori atapandisha bei siku hiyo hiyo treni ya kwanza itakapofika."