Gari Linapolia Bila Kuwaka



Katika vijiji vya milimani gari moja huwa la watu wengi. Kadi yake yaweza kuwa na jina la mmoja, lakini usiku wa manane gari hilo hubeba wagonjwa, na siku ya msiba hubeba jeneza. Ndiyo maana twaiogopa mno ile sauti ndogo inayosikika tunapozungusha ufunguo: "ta-ta-ta-ta", au "ko!" mara moja, kisha kimya. Juma hili tumeona vema tuitafakari sauti hiyo, kwa kuwa wengi huitafsiri kwa haraka. Husemwa papo hapo, "Betri imekufa," au "Stata imekwisha," na fedha hutoka mfukoni kabla ugonjwa haujajulikana.

Zamani madereva waliwasha injini kwa kuzungusha hendeli, na injini iliporudisha pigo, mikono ilivunjika. Mmarekani Charles Kettering alibuni stata ya umeme, nayo magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa nayo mwaka 1912. Utaratibu wa stata za leo ni huu. Ufunguo hupeleka umeme kidogo kwenye solenoidi, kile kidude cha mviringo kilichoshikamana na stata. Solenoidi huvuta chuma kilichomo ndani yake, na hapo ndipo tunaposikia mlio. Chuma hicho husukuma gia ndogo ya stata iumane na meno ya injini, na papo hapo huunganisha njia ya umeme mkubwa. Solenoidi huridhika na umeme kidogo. Stata hudai zaidi ya ampea 100, na ya dizeli hudai mamia. Basi mlio watuambia kwamba amri imefika. Kilichokosekana ni nguvu ya kuitimiza.

Mlio ukiwa wa haraka haraka, mara nyingi betri ni dhaifu. Solenoidi inanasa, stata inavuta umeme, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia. Volti zinapanda, inanasa tena. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 haina kitu. Asiye na mita awashe taa kubwa, kisha apige stata. Taa zikififia hadi kukaribia kuzimika, aishuku betri au vichwa vya nyaya zake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme. Aukwangue, aoshe kwa maji ya moto, akaze spana. Na betri ikichajiwa kisha ikalala tena, alteneta ipimwe: injini inapounguruma, mita isome volti 14 hivi.

Mlio ukiwa mmoja na mzito, na taa zikabaki na mwanga wake, betri isilaumiwe. Huenda shaba za solenoidi zimeungua, au brashi za kaboni ndani ya stata zimelika, au waya mmojawapo mnene umeoza. Anayesahauliwa kuliko wote ni waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi ya gari. Umeme uliokwenda kwenye stata lazima urudi kwenye betri, na ukikosa njia ya kurudia hauwezi kufanya kazi.

Haya tuliyajua kwa jasho. Msimu mmoja wa masika tuliamshwa saa nane usiku. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jioni, na mkunga alikuwa amesema apelekwe hospitali. Pikapu ikalia "ko!" na kunyamaza. Taa ziliwaka kama mchana. Tukaita majirani, tukaisukuma katika utelezi mpaka kwenye mteremko, gia ya pili, klachi ikaachiwa, ikawaka. Hatukuthubutu kuizima hadi mama alipopokelewa. Mtoto alizaliwa salama kabla ya jua kuchomoza.

Asubuhi gereji moja ya mjini ilitushauri tununue stata nyingine, kwa bei inayozidi mapato ya mavuno ya familia nyingi za kwetu. Mzee mmoja fundi umeme aliyekuwa ameketi pembeni akaomba dakika tano. Alichukua waya mmoja wa kubustia, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Pigeni stata." Injini ikawaka mara moja. Waya wa ethi ulikuwa umeoza ndani ya mpira wake, kwa nje ukionekana mzima. Alitufungia mwingine, stata ile ile ikaendelea kufanya kazi.

Wapendwa, tunawafahamu watu wanaoitika "naam" lakini hawainuki. Twawaita wavivu, twataka wabadilishwe. Je, tumewahi kuuliza kama nguvu inawafikia, na kama ina njia ya kurudi?

Mwisho, neno kwa wanaobusti usiku. Fungeni chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini iliyogoma, mbali na betri yake, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Na kabla ya masika, kagueni nyaya zote, ule wa ethi ukiwa wa kwanza. Hatujui nani atabisha hodi usiku.