Mhandisi aliyekwenda Edinburgh kusoma falsafa

Tembea uone, walisema wahenga. Hawakusema mzazi afanye nini mwanawe anapotembea akarudi akizungumza falsafa. Jambo hilo lilizua mvutano katika familia moja ya Nakuru ambayo kijana wao, akiwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Badala ya hesabu za zege na vyuma, akajiandikisha kusoma historia, fasihi na falsafa ya maadili. Babake aliuliza swali moja tu: mwaka huo utahesabiwa wapi?

Haukuhesabiwa. Wenzake walifuzu yeye akiwa bado ana mwaka mzima darasani. Mzazi anayelipa karo ana haki ya kunung'unika.

Edinburgh wenyewe ni mji uliojengwa juu ya mabonde na majabali ya volkeno ya kale. Ngome yake imekaa juu ya mwamba katikati ya mji kama tai kwenye kiota. Baridi yake tuiache, kila anayekwenda Ulaya huisimulia. Linalomshangaza zaidi Mwafrika ni jua la Desemba, ambalo huzama kabla ya saa kumi alasiri na kesho yake halionekani mpaka karibu saa tatu asubuhi.

Kuna barabara yenye maduka iitwayo South Bridge. Mgeni anaweza kuipita mwezi mzima asijue kwamba anatembea juu ya daraja. Lina matao 19, yaliyojengwa miaka ya 1780, lakini ni moja tu linaloonekana wazi. Mengine yamezibwa na majumba pande zote mbili. Kijana wetu alijua jinsi tao linavyobeba uzito. Darasa la historia ndilo lililomfunza kwamba nyumba za watu zilibomolewa ili daraja hilo lipite, na kwamba baadaye maskini walijibanza katika vyumba vya giza chini yake. Aliposoma hayo, aliniambia, aliwakumbuka wakazi wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, ambao nyumba zao zilibomolewa mwaka wa 2021 kupisha barabara.

Nje kidogo ya mji kuna daraja la reli la Forth, jekundu, lenye urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Lilifunguliwa mwaka wa 1890. Unene wa vyuma vyake una kisa. Usiku wa Desemba 28, 1879, dhoruba iliangusha daraja la mto Tay, kaskazini zaidi, treni ikiwa juu yake, na hakuna aliyenusurika. Msanifu wake, Thomas Bouch, ndiye aliyekuwa amepewa pia kazi ya Forth. Akanyang'anywa, na mwaka uliofuata akafariki. Waliomrithi, John Fowler na Benjamin Baker, walijenga daraja ambalo hata mtu asiyejua hesabu angeliamini kwa macho.

Lakini mwalimu aliyemsumbua kijana huyu kuliko wote alikuwa marehemu wa mwaka wa 1776, David Hume. Hume alifunza kwamba huwezi kuruka kutoka kwa jinsi mambo yalivyo hadi kwa jinsi yanavyopaswa kuwa. Hesabu itakwambia kama boriti itabeba mzigo. Haitakwambia kama yafaa ijengwe hapo. Mhandisi akaona amepata rafiki. Kisha akafungua maandishi mengine ya Hume na kukuta ameandika kwamba watu weusi ni duni kwa maumbile. Ni kwa ajili ya maneno hayo chuo kiliondoa jina lake mwaka wa 2020 kwenye jumba refu la George Square. Sanamu yake ingali mjini, na wapitao huigusa kidole cha mguu ili wapate bahati. Kichekesho kikubwa, kwani mzee huyo alipinga ushirikina maisha yake yote!

Je, amtupe Hume au ambakishe? Kijana aliandika insha juu ya swali hilo usiku kucha, huku akimkumbuka Julius Nyerere, aliyesoma chuo hicho hicho kuanzia 1949 hadi 1952, kisha baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Insha yake ilipata alama za wastani. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba amejibu upesi mno.

Sasa yuko mwaka wa mwisho hapa nyumbani. Mradi wake ni daraja la miguu juu ya mto unaofurika kila masika. Kurasa kumi za kwanza hazina hesabu hata moja. Zinaeleza ni nani huvuka hapo, saa ngapi, na shamba la nani litakatwa. Msimamizi wake anataka ziwe mbili. Tulipoachana, walikuwa bado wanavutana.