Barua Zilizosomwa Mwaya

Mwaka jana, katika mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya kata isiyo mbali na Ipinda, mgeni rasmi, kijana nadhifu aliyefunga tai ilhali joto la Kyela mwezi wa Oktoba si la kufanyiwa mzaha, aliwausia wahitimu wasome kwa bidii wasije wakaishia kulima mpunga kama wazazi wao. Na wazazi hao, ambao mpunga wao ndio uliokodi maturubai na kununua soda aliyokuwa akiinywa, wakampigia makofi. Mimi sikupiga, wala sikuguna, kwani uzee una adabu zake, lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni lini hasa kumsomesha kijana kulipogeuka kuwa hila ya kumtorosha kwa waliomzaa.

Bonde hili la Kyela halikungoja shule ndipo lijue kulea. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kwetu miaka ya thelathini wakiandika mila zetu, waliwakuta wavulana wa rika moja wakijitenga na nyumba za baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakitoka huko kwa kundi kwenda kula kwa mama wa huyu leo na mama wa yule kesho, na aliyekula peke yake akihesabiwa kuwa mtu wa shari. Na Mumford, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa shule ya Malangali ilipofunguliwa mwaka 1928, alitaka masomo yajengwe juu ya mila za wanafunzi, na wazee wa kikabila wakawa na nafasi katika mafundisho. Nia ya serikali yake naitilia shaka hata leo, maana haikuwa na haja na Mwafrika asomaye mpaka akaanza kuuliza maswali. Walakini alitambua kwamba mtoto ana kwao.

Lakini madhumuni ya elimu mimi sikufundishwa na Mumford, niliyemkosa kwa miaka mingi. Nilifundishwa na mwenye duka mmoja wa Mwaya, Mshihiri, mtu mfupi mwenye kikoi na kofia iliyofifia, ambaye barazani kwake palinukia mafuta ya taa, tumbaku, kaniki mpya na mbasa wa kukaushwa, harufu nne zilizochanganyika hata nguo iliyonunuliwa pale ikafuliwa mara mbili bado ikakutambulisha ulikotoka. Alikuwa akisoma Kiarabu cha msahafu, na hesabu zake za mikopo aliziandika kwa herufi hizo hizo katika daftari refu lenye jalada jekundu, hivi kwamba hakuna mdaiwa aliyeweza kubishana naye. Ila herufi za Kizungu zilimpiga chenga. Kwa hiyo likizo ilipofika, nasi wachache tuliokuwa shule za bweni tukarudi na masanduku yetu ya bati, alinikalisha juu ya gunia la chumvi akanipa kwanza Mambo Leo, baadaye gazeti la Mwafrika, niwasomee wazee, na magazeti yakiisha huletwa barua.

Barua zilitoka Kitwe, Lupa, na kwa wingi kutoka Joni, yaani Johannesburg, kwa wanaume waliochukuliwa na Wenela, shirika lililowaandikia watu kazi za migodini, kwenda kuchimba dhahabu ya watu wengine. Wake zao walikuja na bahasha zimefungwa katika pindo la khanga. Kabla sijaisoma ya kwanza, yule mzee alinivuta kando akanipa sharti ambalo sikulipata katika darasa lolote: nipitishe macho kimya mpaka mwisho kabla ya kutamka neno, nikikuta msiba, nikunje karatasi, niseme mwandiko ni mbaya nitaurudia jioni, kisha nimwendee kaka yake mwanamke au shangazi, ili habari imfikie akiwa amezungukwa na watu wake, si akiwa amesimama peke yake mbele ya duka na kibaba cha chumvi mkononi. Na nikikuta mwanamume amejitwalia mke mwingine huko? Nilimuuliza hivyo kwa utundu wa ujana. Akanitazama, akasema, "Hiyo utaisoma, mwanangu, lakini polepole, na ukitoka hapa umeisahau."

Nimejaribu kuutafuta mwaka. Lazima ulikuwa kabla ya Uhuru, kwa kuwa baada ya hapo serikali yetu iliufunga mlango wa Wenela, na ulikuwa baada ya kuanza kwa gazeti la Mwafrika. Basi 1958, au 1959, au ule uliofuata, haidhuru. Nikumbukacho kwa yakini ni kwamba hakuna aliyenipongeza kwa kusoma. Nilionekana kama mtu aliyeazimwa panga zuri, naye akatarajiwa kuwafyekea na wengine.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, nami nikiwa mwalimu mchanga, nilikisoma kijitabu kile na kumwona mzee wangu wa Mwaya katika kila ukurasa, ingawa mwandishi hakumjua: malalamiko yale yale kwamba shule inamtenga kijana na jamii yake na kumfanya adhani kitabu kimempandisha daraja. Sisi watekelezaji tukaigeuza kuwa jembe. Shule ikapata shamba, shamba likapata ratiba, na haukupita muda shamba likawa adhabu ya wachelewaji. Tangu hapo mtoto wa Kyela alijifunza shuleni, kwa mkono wa mwalimu wake, kwamba kulima ni malipo ya kosa. Mgeni rasmi wa Ipinda hakuyazua maneno yake. Wazazi wake tuliwafundisha sisi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Azimio la Musoma likawataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, nalo likafifia. Ukaja ukata, daftari moja likagawanywa vipande. Zikaja tuisheni na shule za kulipia, kisha shule za kata, ambazo wengi huzibeza, nami sizibezi, maana katika masanduku yetu ya bati la msichana silikumbuki hata moja, na leo binti wa Ngonga hutoka kwao asubuhi kwenda sekondari na jioni akarudi kwao. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ikafutwa mwaka 2016. Milango ikawa wazi, jambo la kheri, ila kila anayeingia huulizwa amepata divisheni gani, na akitoka huulizwa ameajiriwa wapi, na kati ya maswali hayo mawili sijasikia la tatu. Duka la Mwaya likawa ghala la mpunga, kisha kibanda cha kutuma fedha kwa simu, kisha likavunjwa.

Wala tusijidanganye kwamba msomaji wa barua hahitajiki tena kwa kuwa kila mtu ana simu. Mwezi uliopita jirani yangu, mjane mwenye miti michache ya kakao, alinijia jioni na karatasi iliyochapwa kwa herufi ndogo, ya mikopo hii iitwayo kausha damu, akaniomba nimsomee, mimi mwenye mtoto wa jicho, ilhali mwanawe, aliyehitimu uhasibu chuoni na ambaye bado anatafuta kazi, alikuwa ndani kwao amelala. Nilimuuliza kwa nini hakumpa yeye. Akashangaa swali langu: "Tata, yule amesomea ofisi." Nikavaa miwani, nikapitisha macho kimya mpaka mwisho kama nilivyofunzwa, nikakuta riba ilikuwa ikitozwa kwa wiki, si kwa mwezi kama alivyoambiwa, na dhamana ilikuwa shamba lenyewe. Nikamwambia asithubutu kuitia sahihi. Akanigeuzia ukurasa wa mwisho, penye wino wa buluu wa dole gumba lake, uliokwisha kukauka.