Maua ya Nyanya Yanapopukutika: Somo la Bustani ya Shule

Mwalimu aliyezoea baridi ya Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, akipangiwa shule ya uwanda wa Usangu au ya Pawaga mkoani Iringa, hukuta nchi nyingine. Kule Ilula, kando ya barabara kuu, nyanya hujaza matenga. Huku bondeni mche hustawi, maua hutoka kwa wingi, kisha Oktoba na Novemba hupukutika yote.

Katika shule moja tuliyoizuru, zamu nzima ya wanafunzi iliadhibiwa kwa sababu hiyo, ikidaiwa kuwa haikumwagilia. Jambo hilo lilitusikitisha kuliko hasara ya nyanya. Mtoto aliyebeba ndoo kila asubuhi alifundishwa siku ile kwamba jitihada na matokeo havihusiani. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shamba liwe mahali pa kujifunzia. Kwa adhabu ile hakuna aliyejifunza kitu.

Kosa ni la joto. Mchana ukizidi kiasi cha sentigredi 32, hasa usiku nao ukiwa wa joto, chavua hudhoofika, na ua lisilochavushwa hukauka na kuanguka. Maji huuokoa mche, ua hayaliokoi.

Lakini mwalimu asikimbilie kuyasema hayo. Kwanza watoto na wahesabu. Kila mmoja afunge uzi kwenye kishada kimoja, aandike idadi ya maua, na baada ya juma moja aandike yaliyobaki. Kipimajoto kitundikwe kivulini, kisomwe alfajiri na saa nane mchana. Tuta moja liezekwe kichanja cha nyasi, jingine liachwe wazi. Yote mawili yawekewe matandazo na kumwagiliwa sawasawa. Hesabu hizo zitawapa kazi ya majuma mengi, na wastani utafundishwa hapo hapo bila kitabu. (Shule isiyo na kipimajoto ihesabu maua tu, inatosha.)

Kichanja husaidia kidogo. Dawa hasa ni kalenda: mbegu isiwe kitaluni mwezi Aprili, ili maua yatoke wakati wa kipupwe. Ugumu ni likizo ya Juni, miche inapohitaji maji na shule imefungwa. Zamu ya kumwagilia ipangwe na wazazi wanaokaa karibu, nayo ipangwe kabla kitalu hakijalimwa.